Parachuti ya akiba ya paraglaida: mviringo, mraba au ya kuongozwa?

Bawa la paraglaida, lile la kitambaa linalombeba rubani hewani, likikunjika upande mmoja na kuanza kuzunguka, rubani anaweza kushuka mita 15 kila sekunde. Kama alikuwa na mita 150 chini yake, zinakwisha kwa sekunde 10. Ndani ya sekunde hizo inabidi akubali kwamba bawa halitarudi, apate kishikio cha parachuti ya akiba, avute, arushe, na parachuti ifunguke. Kwa hiyo anayeulizia parachuti ya akiba asianze na bei wala uzito wa begi. Aanze na mikono yake: itakuwa na nafasi ya kufanya nini, na ardhi gani inamsubiri chini?

Aina tatu ndizo zinazowachanganya wanunuzi wengi: ya mviringo, ya mraba (wengine huiita ya msalaba), na ile ya kuongozwa inayofuata umbo la Rogallo. Zote tatu zinaokoa maisha, ila kila moja inakudai kitu tofauti.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni kufunguka. Kiwango cha Ulaya, EN 12491, kinataka parachuti ya akiba ifunguke ndani ya sekunde chache. Nyingi hufunguka mapema kuliko hapo zikiwa zimekunjwa vizuri, na huchelewa zikikunjwa vibaya au zikikaa mwaka mzima na unyevu.

Cha pili ni kasi ya kushuka. Kiwango hichohicho kinaruhusu mwisho mita 5.5 kwa sekunde ukiwa na uzito wa juu ulioandikwa kwenye lebo. Hiyo ni sawa na kuruka kutoka kwenye ukuta wa mita 1.5. Ukipunguza hadi 4.5, ukuta unashuka kuwa mita 1 tu. Wanaonunua za mkono wa pili waangalie lebo kwa makini zaidi, maana kiwango cha zamani cha Ujerumani, LTF, kiliruhusu hadi 6.8, na huo ni ukuta wa karibu mita 2.4. Goti na uti wa mgongo vinaijua tofauti hiyo.

Kuna jambo ambalo lebo haisemi: namba zake ni za hewa nzito ya usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, parachuti inashuka haraka zaidi. Chukua Bonde la Kerio, ambako marubani huruka kutoka ukingo wa Elgeyo karibu na Iten, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya bonde iko kwenye mita elfu moja na ushee. Penye mita 1,200, ile 5.5 inakuwa 5.8. Ukitua kwenye mbuga za juu, mita 2,400, inakuwa 6.2. Joto la mchana linaongeza kidogo tena.

Cha tatu ni utulivu. Parachuti inayobembea hukupiga chini kwa mchanganyiko wa kasi mbili, ya kushuka na ya kwenda kando. Ukishuka 5.5 huku bembea ikikupeleka kando kwa 3, mwili unapokea zaidi ya 6.2, tena kwa pembe mbaya inayokuangusha ubavu au mgongo.

Cha nne ni uhusiano na bawa kuu. Rubani wa paraglaida, tofauti na mruka angani wa kawaida, hutupa parachuti huku bawa lake bado limefungwa kwenye karabina, vile vikulabu vinavyoliunganisha na mikanda aliyovaa. Bawa likijaa hewa tena, linaanza kuvutana na parachuti. Viwili hivyo vinalala kila kimoja upande wake, vinatazamana, wewe uko katikati chini, na kasi ya kushuka inapanda sana. Majeraha mengi ya watu ambao parachuti yao ilifunguka vizuri yanatokea hapa.

Cha tano ni kazi ya mikono baada ya kufunguka. Cha sita ni kukunja, ujazo na gharama.

Kutupa: kazi ileile kwa zote tatu

Angalia, shika, vuta, rusha, kisha ua bawa, yaani litoe hewa.

Macho kwanza, kwa sababu katika mzunguko mkono unaopapasa hushika mkanda wa begi badala ya kishikio. Vuta kwa nguvu kuelekea nje, kando ya mwili. Mtu akivuta kuelekea juu, mfuko wenye parachuti hukwama kwenye mdomo wa chumba chake ndani ya hanesi (kiti chenye mikanda kinachokubeba). Pini zinazofunga chumba zikitoka, mfuko wa ndani utaning'inia mkononi mwako bado umefungwa. Upeleke mkono nyuma kidogo, kisha urushe mfuko na kishikio chake kwa nguvu zote kwenye hewa tupu, mbali na bawa na kamba zake. Na uachie. Wapo wanaobaki wamekishika kishikio kama kamba ya kuwasha jenereta wakisubiri parachuti itoke, nayo haiwezi kutoka. Inafunguka pale mkanda unapotanuka na kamba kuchomoka kwenye mipira ya mfuko, zile raba zinazoshikilia kamba.

Mfuko usipofunguka, shika mkanda wake uutikise kwa nguvu. Ukitumbukia kwenye kamba za bawa, uvute urudi mkononi, urushe tena upande mwingine. Chini ya mita 100 kutoka ardhini usijaribu tena kulitengeneza bawa, rusha.

Parachuti ikishashika, kusanya bawa. Zungusha kamba za breki mikononi pande zote mbili kwa usawa, au vuta kamba za nyuma mkono juu ya mkono mpaka kitambaa kife. Kisha toka kwenye kiti, simama ndani ya hanesi, miguu na magoti pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, na ukigusa ardhi ujiviringishe kwa ubavu. Usitue kwa makalio hata kama hanesi ina povu nene. Chini kukiwa na upepo, vuta kamba moja ya parachuti hadi ipoteze hewa, la sivyo itakuburuta.

Hatua mbili za mwisho, kuua bawa na kutua, ndizo zinazotofautiana sana kutoka aina moja hadi nyingine.

Ya mviringo

Ni kuba la kitambaa lenye kamba ya katikati inayovuta kilele chake chini. Kuvutwa huko kunafanya kuba liwe pana na bapa, likamate hewa zaidi kwa kila mita ya mraba.

Katika kufunguka ni vigumu kupata inayoishinda. Haina mbele wala nyuma, kwa hiyo haijali umeitupa kwa pembe gani au unazunguka kiasi gani. Kwa rubani aliye chini, karibu na mlima, hiyo ni sifa kubwa. Kwenye kushuka, inafikia kiwango, ila yenye bei nafuu hukaa karibu kabisa na ile 5.5.

Udhaifu wake ni kubembea. Hewa iliyonaswa ndani hutafuta pa kutokea, ikimwagikia ukingo mmoja kisha mwingine, na kuba linafuata. Kubwa mno kwa uzito wako hubembea zaidi, na hufunguka taratibu zaidi. Ndiyo maana ushauri wa "nunua kubwa kuliko zote" si mzuri. Nayo ndiyo huvurugwa zaidi na bawa kuu likiamka: inavutwa ubavu, inamwaga hewa, inageuka mzigo wa kukokotwa. Mwenye mviringo lazima awe na mazoea ya kukusanya bawa bila kufikiri.

Haielekezwi popote, unakwenda upepo unakokwenda. Piga hesabu hii kabla ya kuruka: ukifungua kwenye mita 300 juu ya ardhi na kushuka mita 5 kwa sekunde, una dakika moja hewani. Upepo wa kilomita 20 kwa saa utakusogeza zaidi ya mita 330. Elgeyo inatazama mashariki, na katika miezi ya kiangazi, Januari hadi Machi, upepo wa mashariki ukishika unakusukuma kuelekea ukutani kwenye miamba, wala si nje bondeni.

Kukunja ni rahisi kuliko zote. Vipande vyote vinafanana. Unavipanga kushoto na kulia, unahakikisha kamba ya katikati imepita katikati kweli bila kujizungusha kwenye nyingine, unakunja kwa umbo la nyoka kuingia mfukoni. Kosa linalorudiwa ni hiyo kamba ya katikati, na la pili ni mipira iliyokauka au minene mno. Kamba hukataa kuchomoka. Bei ndiyo ya chini kuliko zote.

Inamfaa rubani mpya, rubani wa klabu yenye vifaa vya kushirikiana, na anayerukia sehemu pana, laini, isiyo na upepo mkali.

Ya mraba

Mtazame mtu akiikunjua sakafuni utaona tofauti mara moja. Kitambaa kina pande nne, na kwenye kona kuna nafasi zilizoachwa makusudi ili hewa itoke kwa usawa pande zote. Kwa kuwa hewa ina njia yake ya kutokea, haihitaji kumwagika ukingoni, na kubembea kunapungua sana. Hapo ndipo pesa yako inapokwenda.

Kufunguka kwake ni haraka kama mviringo, na yenyewe haijali mzunguko. Kasi ya kushuka kwenye karatasi inafanana na ya mviringo, lakini ukweli wa ardhini ni mwingine: bila bembea, ile kasi iliyopimwa ndiyo unayoipata miguuni, na unapata muda wa kuona unatua wapi na kuweka magoti tayari.

Mbele ya bawa kuu hali ni bora lakini si kinga. Bawa lililojaa hewa bado litaiinamisha, na baadhi ya miraba huteleza mbele kidogo, jambo linalotosha kuanzisha kuvutana. Kwa hiyo kazi ya mikono ni ileile ya kukusanya. Upepo pia unakubeba vilevile. Ile hesabu ya mita 330 haibadiliki.

Kwenye kukunja inadai makini zaidi. Kona zikichanganyika, au kipande cha upande mmoja kikapandana na cha mwingine, parachuti itafunguka ikiwa imejisokota. Fuata kitabu cha modeli hiyohiyo kilichotolewa na kiwanda. Usikunje mraba kwa kukumbuka ulivyokunja mviringo. Kwa kawaida ni nyepesi na inaingia kwenye chumba kidogo, sifa inayowavutia wanaopanda mlima kwa miguu. Ila chumba kidogo kikibanwa kupita kiasi mfuko hautoki. Hanesi imeandikwa ujazo wake kwa lita, na parachuti vilevile. Linganisha namba hizo mbili kabla ya kulipa.

Inamfaa rubani anayesafiri mbali, anayepita juu ya mawe na miti, mwenye mgongo au goti lililowahi kuumia, na yeyote anayetaka kitu kinachofanya kazi peke yake huku yeye akishughulika na bawa.

Ya kuongozwa

Jina Rogallo linatokana na Francis Rogallo, mhandisi wa Marekani aliyeomba hataza ya bawa la kitambaa pamoja na mkewe Gertrude mwaka 1948 na kuipata mwaka 1951. Umbo lile la pembetatu sasa linatumika kama parachuti ya akiba yenye pua, mkia na breki mbili. Inaruka. Ikiwa huru inasonga mbele takriban mita 2 kwa kila mita 1 ya kushuka, kasi ya kushuka ikiwa mita 3 hadi 4 kwa sekunde, na unaweza kuvuta breki mwishoni kupunguza kishindo. Kutua kwa kusimama kunawezekana.

Neno zito hapo ni "ikiwa huru". Bawa kuu likibaki limejaa, Rogallo inapoteza mwendo, inavutwa nyuma, na faida zote hizo zinayeyuka. Ndiyo maana inaendana na karabina za kufunguka chini ya mzigo, zile zinazoitwa kwik-auti. Mlolongo wake ni huu: rusha, subiri parachuti ishike uzito wako kabisa, fungua karabina ya upande mmoja au zote mbili ili bawa lipepee nyuma kama bendera au liondoke, toa mishikio ya breki kwenye mikanda, kisha ongoza. Kufungua karabina kabla parachuti haijashika ni kujikata kamba ya mwisho. Katika hofu mikono inaweza kuukosa mpangilio huu, na ndiyo sababu unatakiwa ufanyiwe mazoezi ukiwa umening'inia kwenye hanesi gereji au chini ya mti, mara nyingi, mpaka uweze kuufanya macho yamefumba.

Kwa kuwa ina mbele, ina pia uwezekano wa kufunguka ikitazama mlima. Una sekunde chache kuigeuza. Ikitupwa kwenye mzunguko mkali mikanda yake inaweza kujisokota, na mpaka msokoto huo ufunguke haiongozeki. Wakati huo inakwenda inakotaka, tena kwa kasi. Penye mita 80 juu ya ardhi, mviringo na mraba vina nafasi nzuri zaidi. Penye mita 800, juu ya msitu wenye uwazi mmoja tu wa kutua, hakuna inayoifikia hii.

Ina mikanda miwili inayokwenda kwenye mabega, kushoto na kulia, badala ya mkanda mmoja wenye umbo la Y. Ikibadilishwa upande, breki ya kulia inakugeuza kushoto. Hanesi yenye sehemu ya kufungia kiunoni peke yake haiifai. Ujazo wake ni mkubwa, kukunja kunahitaji fundi aliyefunzwa modeli hiyo, na bei inaweza kufika mara mbili ya mviringo.

Inamfaa rubani mwenye uzoefu, anayepata mazoezi ya kweli ya kuitupa juu ya maji, na anayeruka juu ya ardhi ambayo kutua popote ni hatari.

Ukubwa, kwa hesabu

Rubani wa kilo 75 akibeba bawa, hanesi, nguo na maji hufika kilo 95 hewani. Parachuti ya kikomo cha kilo 100 itamshusha kama 5.4 usawa wa bahari na 5.7 kwenye sakafu ya Kerio. Ya kilo 120 itampa 4.9 na 5.2. Kwa mraba, ya 120 ni chaguo zuri. Kwa mviringo, tafuta ukubwa unaokuweka sehemu ya juu ya safu yake ya uzito bila kugusa kikomo, kwa sababu ya ile bembea. Kwa Rogallo, fuata kiwanda kikamilifu: ikibeba mzigo mwepesi inakuwa nzito kugeuka, ikizidiwa inakimbia mno.

Makosa yanayoua parachuti yoyote

Velkro ya chumba isiyofunguliwa kwa miezi hushikana kama gundi. Ifungue na kuifunga tena kila mwezi. Mkanda mfupi kati ya kishikio na mfuko huvuta mfuko kabla pini hazijatoka, na chumba hakifunguki kabisa. Kosa hilo hutokea sana parachuti ya kampuni moja ikiingizwa kwenye hanesi ya nyingine, na dawa yake ni jaribio moja: ukae kwenye hanesi iliyoning'inizwa, mikanda imefungwa kama angani, uvute mwenyewe kwa mkono utakaoutumia. Nguvu iwe kati ya kilo 2 na 7. Ukishindwa pale chini, angani hutaweza.

Kunja upya kila miezi 6 hadi 12 kadiri kiwanda kinavyosema, na mapema zaidi ukikaa pwani kwenye chumvi na unyevu. Viwanda vingi vinaweka ukomo wa miaka 10, hata kama haijawahi kufunguliwa.

Kwa hali yako

Unaanza, unaruka na mwalimu, eneo ni pana: mviringo mpya unaotimiza EN 12491 unatosha. Pesa iliyobaki ilipie siku ya kutupa juu ya maji au ukiteleza kwenye waya. Mviringo mpya uliokunjwa vizuri ni bora kuliko mraba wa miaka 12.

Unavuka Kerio mchana, miamba nyuma na migunga chini: mraba, ukubwa mmoja juu ya unaokutosha usawa wa bahari. Weka mfukoni uzi mrefu mwembamba wa kutoshea mkononi. Ukinasa mtini, jifunge kwenye tawi nene na uutumie uzi kuvuta kamba ya waokoaji. Usijaribu kushuka mwenyewe.

Unaruka mbali, una saa nyingi, unatupa kwa mazoezi kila mwaka, na hanesi yako ina mikanda ya mabega na kwik-auti: ya kuongozwa inakulipa. Kama hutaki kufanya mazoezi hayo kila mwaka, chukua mraba.

Unafanya sarakasi za angani: beba mbili, ya kwanza ya kuongozwa, ya pili mviringo au mraba, vishikio vyake vikiwa pande tofauti.

Unabeba abiria: parachuti ya watu wawili tu, iliyofungwa kwenye karabina kuu za viungo vinavyobeba rubani na abiria pamoja, wala si kwenye hanesi ya rubani. Mwambie abiria kabla ya kuruka kwamba akisikia "miguu pamoja" asimame ndani ya hanesi.

Unapanga kuruka kutoka Kilimanjaro: kileleni, mita 5,895, ile 5.5 ya kwenye lebo inakuwa karibu 7.5, sawa na kuanguka kutoka mita 2.8 juu ya mawe makavu. Hapo uzito mwepesi wa begi usikushawishi kununua ndogo. Chukua mraba wenye nafasi ya kutosha ya uzito, na uihesabie kasi ya pale utakapotua, si ya pale Moshi.